Falsafa ya Wajerumani na Kuni za Wanyonge

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu baada ya sala ya Isha, na inayochapishwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.





Tumetakiwa na Kamati ya Tawi tusimame mbele yenu usiku huu tuzungumze juu ya falsafa ya Wajerumani, na namna ilivyozaa fikra za kisoshalisti na harakati za watu kujikomboa. Asili ya jambo hili mnaijua. Katika mkutano uliopita kijana wetu mmoja aliuliza kwa nini wadai haki wa kila nchi huwataja akina Hegel na Marx, na sisi tunaowataja hatujui walisema nini. Mzee wetu mmoja, ambaye ilimu yake tunaiheshimu, akajibu kuwa vitabu hivyo ni vya watu wasiomjua Mungu na havifai kuletwa barazani. Na kabla ya hayo, usiku ule ule, mama mmoja mkulima wa mwani alisimama akauliza bei ya mwani inapangwa na nani, na kwa nini yeye anayeinama majini tangu maji yanapotoka mpaka yanapojaa hana kauli katika bei hiyo. Akaambiwa akae, kwa kuwa hilo ni jambo la biashara wala si la siasa.

Maswali haya, la kijana na la mama, yalipokelewa kana kwamba hayana udugu. Sisi tunaona ni swali moja, na ndilo tutakalolisemea.

Sisi si maulamaa wa falsafa. Tulisoma chuoni tukakhitimu, tukapata kidogo katika nahau na mantiki kwa masheikh wetu, kisha riziki yetu ikawa katika duka. Vitabu vya Wajerumani tumevisoma kwa tafsiri, usiku, baada ya kufunga hesabu. Na pale tusipofahamu tumerudia mara tatu na nne. Atakayetukosoa tutamshukuru.

Kwanza tumjibu mzee wetu, kwa sababu hoja yake ni nzito na haifai kurukwa. Imam Ghazali aliandika kitabu mashuhuri cha kuwavunja wanafalsafa. Naye huyo huyo, alipoandika al-Mustasfa katika usuli wa fiqhi, alikifungua kitabu kwa utangulizi wa mantiki, ilimu iliyotoka kwa Wayunani, akasema kuwa asiyeimiliki ilimu hiyo haitegemewi ilimu yake. Hakumuuliza Aristotle dini yake kabla ya kuipokea mizani yake. Katika vitabu vya hawa Wajerumani tutakuta mengi tusiyokubaliana nayo, na penye kukataa tutasema wazi kuwa tunakataa. Lakini mwenye duka haikatai mizani kwa sababu aliyeifua hakutawadha. Huikataa ikiwa inapunja.

Tuanze na Immanuel Kant, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi katika mji wa Königsberg, aliyezaliwa 1724 na kufa 1804. Mwaka 1784 aliandika makala fupi katika gazeti la Berlin akiuliza kuelimika ni kitu gani. Jawabu lake, kwa maneno yetu sisi, ni kuwa watu wengi huishi kama mayatima walio chini ya mawasii, na si kwa kukosa akili, bali kwa uvivu na khofu ya kuitumia. Na mawasii nao hupendezwa na hali hiyo, wakawatisha wasije wakajaribu kutembea peke yao. Mwaka uliofuata akaweka kanuni kuwa mwanaadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha haja ya mwengine. Mwandishi wa maneno haya hakuwa mpindua serikali. Alikuwa mwalimu aliyelipwa na mfalme, na katika maandishi yake mengine aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau ambayo hatutayarudia katika baraza hii. Hata hivyo kanuni ile iliandikwa, na tutakutana nayo tena mbele, katika mkono wa mtu ambaye tusingelimtazamia.

Aliyekuja baada yake, na ambaye bila ya yeye tusingelikuwa na maudhui ya usiku huu, ni Georg Wilhelm Friedrich Hegel, mzaliwa wa Stuttgart, mwaka 1770. Sisi tuliofundishwa mantiki tulihifadhishwa kuwa vitu viwili vinavyokanushana havikusanyiki pamoja wala haviondoki pamoja. Hegel hakuridhika na hapo. Aliona kuwa kila hali hubeba ndani yake mpingano wake, na mpingano huo ndio unaoisukuma mpaka igeuke ikawa hali nyengine. Nayo hiyo mpya haiifuti ile ya kwanza, bali huimeza na kuihifadhi. Alitoa mfano wa tumba, ua na tunda, na sisi tunaouona mkarafuu kila msimu hatuhitaji kufasiriwa zaidi.

Katika kitabu alichokimaliza mjini Jena mwezi wa Oktoba 1806, majeshi ya Napoleon yakiingia mjini humo, na kikachapishwa 1807, mna kurasa chache juu ya bwana na mtumwa. Watu wawili hukutana, na kila mmoja anataka mwenzake amkiri kuwa ni mtu. Hupigana, na mmoja wao, kwa kuogopa mauti, husalimu amri akawa mtumwa. Bwana sasa ameheshimiwa, lakini ameheshimiwa na nani? Na mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa ni mtu. Hula asichokilima na huvaa asichokishona, na kila siku ipitayo huzidi kutojua vitu vinatengenezwa vipi. Mtumwa kwa upande wake hukishika kitu, hukichonga, huizuia hamu yake akakingojea kikamilike. Na katika kitu alichokifanya kwa mikono yake huiona akili yake mwenyewe imesimama mbele ya macho yake. Kwa hivyo anayeujua ulimwengu ni yule aliyewekwa chini, na tegemezi ni bwana.

Sisi watu wa visiwa hivi, neno mtumwa halikutufikia kwa kitabu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria mpaka 1897. Wako kati yetu wenye mababu wa upande huu na wenye mababu wa upande ule, na wengi wetu tunao wa pande zote mbili. Kurasa hizo hatukuzisoma kama hekaya. Na tuseme kweli yote: tulipozisoma mara ya kwanza tulilifungua daftari letu la madeni, tukayatazama majina yaliyomo, majina ya akina mama wanaochukua unga na sukari leo ili walipe mwani utakapouzwa, tukajiuliza sisi tumesimama upande gani katika khabari ile. Hatukulipenda jawabu.

Wako wataalamu wa zama hizi wanaodai kuwa Hegel aliipata picha hiyo kutokana na khabari za Haiti, ambako watumwa waliinuka 1791 na kutangaza dola yao 1804. Wengine wanalipinga dai hilo. Jambo lisilo na khitilafu ni kuwa alipokuwa mwalimu mkubwa huko Berlin, katika darsa za tarehe ya ulimwengu alizozianza 1822, aliitoa Afrika nje ya tarehe, akasema haina mwendo wa kusimuliwa. Na laiti angaliuliza hapo hapo Jena alipoandikia kitabu chake. Katika mji huo tangu 1739 alikuwa akisomesha falsafa Mwafrika mmoja, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika nchi inayoitwa leo Ghana, ambaye mwaka 1729 huko Halle alisimama kutetea risala juu ya haki za Waafrika waliopo Ulaya. Mtu aliyefundisha kuwa mtumwa huujua ulimwengu kuliko bwana hakumjua mwalimu mweusi aliyemtangulia katika mji ule ule. Tulikumbuke jambo hili, maana litarudi kwa sura nyengine mara mbili kabla hatujamaliza.

Hegel alikufa 1831, na wanafunzi wake wakagawika kama wanavyogawika wanafunzi wa kila sheikh. Wengine walisema dola ya Prussia ndiyo akili iliyokamilika. Wengine, vijana, walisema kama kila hali hubeba mpingano wake basi na dola hii ina wake. Katika hao vijana alikuwamo Ludwig Feuerbach, ambaye 1841 aliandika kuwa dini ni sifa za mwanaadamu alizozitoa nje ya nafsi yake akaziabudu. Hapa ndipo penye kukataa, nasi tunakataa. Faida aliyotuachia bila ya kukusudia ni swali: ni mambo mangapi mengine tuliyoyafanya kwa mikono yetu, kisha tukayasujudia kana kwamba yameshuka? Bei, kwa mfano.

Sasa tufike kwa Karl Marx, mtoto wa wakili wa Trier, aliyezaliwa 1818 na kupata shahada ya udaktari wa falsafa 1841. Watu wengi hudhani kuwa mtu huyu alifika katika usoshalisti kwa kufikiri juu ya mambo makubwa. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa lililomtia kwanza katika mambo ya uchumi lilikuwa jambo la kuni.

Khabari yenyewe ni hii. Katika nchi ya mto Rhine, wanyonge wa mashamba tangu zamani walikuwa wakiokota matawi makavu yaliyoanguka misituni, wakapikia na kuotea moto wakati wa baridi. Hakuna aliyewauliza. Mbao zilipopanda thamani, wenye misitu walitaka kila kilichoanguka kihesabiwe mali yao, na muokotaji ahesabiwe mwizi. Baraza la Jimbo likaijadili sheria hiyo. Na ndani ya baraza hilo walikaa wenye misitu wenyewe, wala hakukaa muokota kuni hata mmoja. Walitaka thamani ya kuni ikadiriwe na mlinzi wa msitu, ambaye ni muajiriwa wa mwenye msitu, na faini iende kwa mwenye msitu, na asiyekuwa nayo amfanyie kazi. Marx alikuwa na umri wa miaka 24, mhariri wa gazeti la mjini Cologne, na mwishoni mwa 1842 aliandika mfululizo wa makala juu ya mjadala huo. Alikuwa amelelewa na vitabu vya Hegel kuamini kuwa dola ni akili ya watu wote iliyo juu ya maslaha ya mtu mmoja mmoja. Kumbe ameiona dola, kwa macho yake, inafanywa mlinzi wa kuni za mtu.

Akina mama waliopo hapa, ambao tangu utotoni wameokota makuti na kuni katika mashamba ya watu, wameifahamu khabari hii kabla hatujaimaliza. Na ndilo tunalotaka lishikwe usiku huu: falsafa ya Kijerumani iliyokaa miaka hamsini katika vyumba vya waalimu iligeuka kuwa jambo la wanyonge siku iliyoulizwa swali la kuni. Lau mtu angalimwambia kijana yule kuwa kuni ni biashara wala si siasa, sisi leo tusingelijua jina lake. Serikali ya Prussia lakini ilifahamu upesi. Gazeti lile lilifungwa mwishoni mwa Machi 1843.

Akahamia Paris, akakutana na mafundi wa Kijerumani waliohamia huko, washonaji nguo na maseremala, waliokuwa na jumuiya zao za siri na vitabu vyao vya kusomeana. Akashikamana na Friedrich Engels, mtoto wa tajiri wa kiwanda cha nguo, ambaye 1845 alitoa kitabu juu ya hali ya wafanya kazi wa Uingereza baada ya kuiona Manchester. Katika mafundi hao alikuwako mshonaji mmoja wa Magdeburg, Wilhelm Weitling, ambaye 1842 alikwisha andika kitabu chake mwenyewe juu ya ulimwengu usiokuwa na tajiri na maskini, na Marx mwenyewe akakisifu. Lakini mwezi wa Machi 1846 walikutana Brussels katika chumba kidogo, na Mrusi mmoja aliyehudhuria akatuachia khabari ya mkutano ule. Marx alimtaka mshonaji aeleze kwa hoja gani anawaamsha wafanya kazi, maana kuwatia watu tamaa bila ya ilimu ni kuwadanganya. Weitling akajibu kuwa yeye amepokea mamia ya barua za shukrani kutoka kwa wanyonge, na kazi yake ya unyenyekevu ina faida kuliko uchambuzi wa watu wanaokaa mbali na mateso. Marx alikasirika akapiga meza kwa ngumi hata taa ikatikisika, akasema ujinga haujapata kumfaa mtu.

Mkutano huu tumeufikiri sana, kwani tumeuona kwa macho yetu katika matawi ya chama chetu, mara ngapi sijui. Tunamuunga mkono Marx katika hoja: mshonaji alikuwa amekwisha ingia katika ndoto, akitazamia ufalme wa haki uje ghafla. Lakini ile ngumi juu ya meza hatuiungi mkono. Mwenye ilimu akimpigia meza mwenye dhiki, hata akiwa na haki, ameanza kuwa wasii. Na mafundi wale hawakuwa wajinga wa kupuuzwa: jumuiya yao ndiyo iliyomwagiza Marx na Engels waandike ile Ilani ya Kikomunisti, kijitabu cha kurasa 23 kilichochapwa London mwezi wa Februari 1848. Ilani ile ilitungwa kwa amri ya washonaji.

Tuyapite upesi mapinduzi ya 1848 na kushindwa kwake, tufike pale fikra hizi ziliposhikwa na umma. August Bebel, aliyezaliwa 1840 karibu na Cologne, yatima, alikuwa fundi wa kukereza. Katika karakana yake ya Leipzig alitengeneza vishikio vya milango na madirisha kwa pembe za nyati. Alijifunza siasa katika chama cha mafundi cha kujiendeleza kwa masomo, akawamo katika kuunda chama cha wafanya kazi huko Eisenach 1869, ambacho 1875 kiliungana Gotha na kile kilichoanzishwa na Ferdinand Lassalle 1863. Gerezani alisoma, na mwaka 1879 alitoa kitabu juu ya mwanamke na usoshalisti kilichosomwa na wafanya kazi kuliko vitabu vyote vya Marx.

Mwaka 1878 Bismarck alipitisha sheria ya kuwavunja. Vyama vyao vilipigwa marufuku, magazeti yao yakafungwa, na watu wakafukuzwa katika miji yao, Berlin kwanza, kisha Hamburg na Leipzig. Bebel mwenyewe alifukuzwa Leipzig 1881. Mlango mmoja tu uliachwa wazi: waliruhusiwa kugombea viti vya Bunge na kusema humo. Basi gazeti lao likahamia Zürich katika Uswisi. Lilichapwa huko tangu 1879, likafungwa mafurushi, likavushwa mpakani kwa magendo chini ya uongozi wa Julius Motteler, aliyepewa na wenzake lakabu ya posta mkuu mwekundu, na ndani ya Ujerumani likapita mkono kwa mkono katika karakana na majumba ya kulia chakula. Sisi tunaogawana kigazeti hiki chetu, nakala moja kwa watu kumi, tunajua utamu wa karatasi iliyopita njia ndefu. Sheria ile ilidumu miaka 12. Mwaka ilipofikia ukomo, 1890, chama kile kilichopigwa marufuku kilipata kura 1,427,000, zaidi ya chama chengine chochote katika Ujerumani.

Mhariri wa gazeti lile tangu 1881 alikuwa Eduard Bernstein, mtoto wa dereva wa treni. Lishikeni jina hili.

Hapa sasa khabari ya Wajerumani inaingia kwetu kwa miguu. Mwaka 1883 kijana mmoja aitwaye Carl Peters alitoa Leipzig kitabu cha falsafa juu ya irada na ulimwengu, akimfuata Schopenhauer. Mwaka uliofuata, Novemba 1884, kijana huyo huyo alishuka Unguja, akavuka bara, na katika wiki chache akapata alama za mkono za machifu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Februari 1885 Kaisari akampa hati ya himaya, na Agosti manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba la Sayyid Barghash. Baadaye Peters alifanywa mjumbe wa serikali huko Kilimanjaro, na katika miaka ya 1891 na 1892 aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja. Aliyesimama katika Bunge la Berlin, Machi 1896, kuyataja mauaji hayo mbele ya mawaziri, alikuwa Bebel, yule fundi wa kukereza. Barua moja aliyoitegemea ilidhihirika kuwa si sahihi, na maadui zake wakaipigia kelele. Lakini kunyongwa kwa watu wale hakukuweza kukanushwa, na 1897 Peters alifukuzwa kazi.

Wajerumani wawili, basi: mmoja mwandishi wa kitabu cha falsafa, akanyonga, na mwengine aliyeshika pembe ya nyati tangu ujana, akawasemea walionyongwa. Tungependa kuikomesha khabari hapa, kwa kuwa hapa inapendeza. Haikukoma.

Mwaka 1907, vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi 1905 vikiwa katika mwisho wake, na watu wa Afrika ya Kusini-Magharibi wameangamizwa kwa maelfu, Ujerumani ilifanya uchaguzi juu ya makoloni. Chama cha Bebel kilichopinga gharama za vita kilitukanwa kuwa ni adui wa taifa, na viti vyake vikashuka kutoka 81 mpaka 43. Agosti mwaka huo wasoshalisti wa ulimwengu wakakutana Stuttgart, mji aliozaliwa Hegel. Likaletwa azimio lisilolaani ukoloni kwa asili yake, likidai kuwa chini ya utawala wa kisoshalisti ukoloni waweza kuwa kazi ya kustaarabisha. Bernstein akaliunga mkono: mataifa yenye ustaarabu, alisema, hayana budi kuwa walezi wa yasiyokuwa nao. Huyu ndiye mhariri wa gazeti la magendo. Na ndiye aliyeandika 1899 kuwa wasoshalisti waache mpingano wa Hegel na wamrudie Kant, yule aliyekataza mwanaadamu kufanywa chombo na aliyetuonya juu ya mawasii. Wajumbe wa Ujerumani kwa wingi wao walikuwa upande wake. Karl Kautsky na wengine wakapinga, na azimio likaangushwa kwa kura 127 dhidi ya 108.

Kura 19 tu, ndugu zetu. Tumezihesabu mara nyingi. Katika ukumbi ule watu wa Usagara na wa Umatumbi hawakuwa na kiti. Kutoka nchi zilizotawaliwa alisimama Bibi Bhikaji Cama wa Bara Hindi, akakunjua bendera ya nchi yake mbele ya mkutano. Tunaamini kuwa lau wangalikuwako wengine kama yeye, mia au hamsini, Bernstein asingeliweza kulitamka neno mlezi bila ya kuinamisha macho. Wale waliokuwa na vitabu vyote vya Kant na Hegel na Marx walipungukiwa na kitu kimoja, nacho ni mtu wa kuulizwa.

Miaka saba baadaye, tarehe 4 Agosti 1914, chama hicho hicho kilipiga kura ya fedha za vita. Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht waliokataa waliuawa Berlin Januari 1919. Lenin, akiwa mkimbizi Bern, alijifungia maktaba mwishoni mwa 1914 akamsoma Hegel upya ili afahamu maafa yale yametokeaje. Na katika dola iliyojengwa baada yake ilimu ile ya mpingano ikageuzwa matini ya kuhifadhiwa, asiyeihifadhi akaulizwa na askari.

Nayo ikatufikia hapa. Abdulrahman Mohamed Babu na wenzake waliojitenga na Hizbu 1963 na kuunda Umma Party walikuwa wamemsoma Marx, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza katika Afrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki. Wajerumani wakaja, wakasaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani ambayo watu wanaishi mpaka leo, na hilo ni jema na tulishukuru. Walikuja pia waliofundisha idara ya usalama. Vyama vyengine havikuruhusiwa tena mpaka 1992, na Babu mwenyewe aliwekwa gerezani bara tangu 1972 mpaka 1978. Wazee waliopo hapa wanaijua miaka ile; hatuna haja ya kuwasimulia walichokipitia. Tunasema tu kuwa falsafa iliyoanza kwa muokota kuni ilitua kwetu mkononi mwa mlinzi wa msitu.

Kijana wetu, hilo ndilo jawabu letu kwako, na ni refu kuliko ulivyotarajia. Mzee wetu, tunakuomba usituzuie kuvisoma vitabu hivi. Njoo uvisome pamoja nasi, utukatae kwa hoja, kwani wewe unaijua mantiki kuliko sisi. Ghala la duka letu lina nafasi ya watu ishirini, taa ipo, na usiku wa Jumatano hakuna mkutano mwengine.

Limebaki la Kamati. Tumesikia kuwa kuna pendekezo kwamba tangu sasa maswali ya wanachama yapelekwe kwanza kwa Kamati yachujwe, ili yasiyo ya siasa yasichukue wakati wa mkutano. Pendekezo hilo limo katika ajenda ya usiku huu. Sisi tutalipigia kura ya kulikataa, nasi tunasema hivyo hadharani tukiwa wajumbe wa Kamati hiyo hiyo. Na kabla ya kura kupigwa, Bwana Mwenyekiti, yule mama wa mwani amekaa pale karibu na mlango. Tunaomba apewe nafasi ya kwanza, aulize tena, na sisi wenye mizani tuliomo humu tuwe wa kwanza kumjibu.